Nyasi Nilizomtandikia Chatu

Nyanga, Bukoba
Jumanne jioni

Kaka Philbert,

Shikamoo. Wifi Vestina na watoto nawasalimu, na Mama mwambie dawa yake ya miguu nitaileta mwenyewe. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Yule chatu ambaye watu wa wanyamapori walimchukua kwenye migomba ya kibanjani kwako alifika salama hapa kwenye banda letu la maonyesho ya nyoka. Mzee Kyaruzi, mwenye banda, alikuwa safarini. Utaratibu wake unaujua kwa jinsi ninavyoulalamikia: nyoka mgeni hukaa peke yake chumba cha nyuma miezi mitatu, juu ya karatasi nyeupe, ili utitiri ukimdondoka uonekane. Ni vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinavyojificha chini ya magamba na kunyonya damu.

Wiki tatu zilizopita nyoka wetu walianza kujilaza ndani ya mabeseni ya maji mchana kutwa. Nilimpangusa Bibi, chatu wetu mkongwe, kwa kitambaa cheupe, kikajaa vidoa vinavyotembea. Niliogopa, Kaka. Tumechoma magogo yao, tumesugua kila ufa kwa maji ya moto, tumewaosha mmoja mmoja. Siku chache zikipita mayai ya utitiri yanaanguliwa, tunaanza upya. Wawili wamekufa. Bibi hali chakula, na kila asubuhi naogopa kufungua mlango wake. Hata nikiwa kanisani nahisi kitu kinanitambaa shingoni.

Mzee Kyaruzi aliporudi aliuliza nani amezembea. Dastan ndiye anayefanya usafi, basi wote tukamgeukia yeye. Alijitetea kwamba anafagia kila siku na hajui utitiri umetoka wapi. Mzee alimwambia akusanye vitu vyake. Mimi nilikuwa pale na ndoo mkononi, nikainama kama ninayeangalia maji.

Kaka, yule chatu wako sikumpeleka chumba cha nyuma. Niliona kumweka mgeni wa kwetu kwenye chumba kitupu, juu ya karatasi, ni kumdharau. Nilimkatia nyasi mbichi nikamtandikia, kama Mama anavyotandika sebuleni mgeni akija, nikamweka jirani na Bibi na kuwahudumia wote kwa mikono ileile. Kwenye daftari niliandika kwamba yuko nyuma.

Kesho namwambia Mzee, na najua atanifukuza. Lakini ninayemwogopa zaidi ni huyu aliyekuletea barua. Ndiye Dastan. Anarudi kwao Muleba na atapita kwenu njiani, akaniuliza kama nina salamu za kupeleka nyumbani. Alinishukuru pia, eti mimi peke yangu sikumsema vibaya. Hajui kilichomo kwenye bahasha. Nakuomba umkaribishe ndani, na kabla hajaaga umsomee yote.

Wasalimie majirani, na mniombee. Nikirudi nyumbani mapema, msishangae.

Mdogo wako,
Violeth