Waridi la Mama Si Kahawa

Jumamosi, Julai 2007. Mawingu hayajaondoka tangu asubuhi, na baridi ya huku kwetu Mumbuni inaingia mpaka kwa mifupa. Nimevaa sweta juu ya sweta. Sina hasira wala huzuni. Nimekaa tu, naandika.

Waridi la mama ni lile la zamani linalotambaa. Limeshika nguzo ya veranda mpaka likafika kwa mabati, na lilikuwa na matawi matatu manene kama mkono wangu. Huchanua mara moja tu kwa mwaka, kabla mvua ya Novemba haijakolea, na maua hutoka kwa matawi ya zamani. Mama haoni tena. Ugonjwa wa sukari ulimmaliza macho, kwa hivyo siku hizi anangoja harufu. Akiisikia anaomba kiti, anakaa hapo chini yake na hataki kuitwa. Vitu vya kumfurahisha vimebaki vichache, na hicho ndicho cha kwanza.

Mwaka huu vidukari wamelivamia. Wamejaa kwa vikonyo, wadogo wa kijani, majani yananata na yana masizi, sisimizi nao wanapanda na kushuka kama wenye nyumba. Nilinyunyiza maji ya sabuni ya kufulia, nikajisifu, wakarudi wengi kuliko mwanzo. Nikampigia baba mdogo Mutua, mdogo wa marehemu baba, anayelima kahawa huko Kola. Nilimwomba aje na pampu yake ya dawa.

Alikuja na pampu. Alikuja na msumeno pia.

Alilizunguka waridi, akachuma jani, akalinusa. "Huu mti umezeeka," akasema. "Wadudu wanapenda kitu kimechoka. Tuubadilishe."

Kubadilisha ni kazi ya kahawa. Mti ukizeeka, mkulima anachagua chipukizi lenye nguvu karibu na ardhi, analiacha likue, anaondoa shina kuukuu, na mti unaanza upya. Baba mdogo anaijua kazi hiyo vizuri sana. Shida ni kwamba waridi hili liliunganishwa, vile watu huunganisha miche ya maembe. Chini ya kiungo ni waridi la mwitu, juu yake ndilo la mama. Chipukizi alilolichagua lilitoka chini kabisa; likiachwa hilo, tungebaki na la mwitu tu. Majani yake yalikuwa madogo, yamepauka, hayafanani na yale mengine hata kidogo. Nilijua.

Ndugu ya baba humwambii amekosea, tena mbele ya kazi uliyomwita wewe mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa. Nilisema, "Baba mdogo, si unywe chai kwanza?" Akasema chai itangoja. Alianza na matawi ili shina lisije likalalia mabati. La kwanza likaanguka. Nikamuuliza habari za watoto wake, akanijibu mmoja mmoja huku akikata, na la pili likaanguka.

Mama alikuwa amelala. Mama anaweza kumwambia Mutua chochote, ni shemeji yake, wamechokozana tangu alipoolewa. Mimi nilisimama pale nikitazama mlango, nikitumaini kelele za msumeno zitamwamsha. Zilimwamsha. Alitoka akipapasa ukuta.

"Mutua, unakata nini?"

"Nabadilisha huu mti wako, shemeji. Umezeeka kama wewe."

"Nionyeshe ile unaacha."

Nilimshika mkono nikauweka kwa chipukizi. Alipapasa majani, akafuata miiba midogo midogo mpaka vidole vikagusa udongo.

"Hii imetoka chini ya kiungo," akasema. "Shemeji, hii kitu ni kama embe. Si kahawa."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Baba mdogo alisimama na msumeno wake, akatazama yale matawi mawili kwa nyasi. "Aiya," akasema polepole. Kisha akalikata lile chipukizi lake, akaniomba maji na sabuni, akaanza kuwafuta vidukari kwenye tawi lililobaki, jani kwa jani, kwa vidole. Pampu hakuifungua. Chai aliinywa amesimama, akaaga mapema, na sikumzuia.

Alipoondoka mama aliniuliza kama nilijua.

Nikasema nilijua.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Uamke."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alifunga leso yake vizuri, akageuza uso upande ule wa nguzo ambao sasa uko wazi.

"Na siku ile sitaamka?"

Kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki kuburuta matawi mpaka nyuma ya nyumba. Moja lilikuwa na vichipukizi vyekundu tayari.

Sijui kama hilo tawi lililobaki litachanua. Limezeeka kweli, na wadudu hawajaisha. Kesho nitaliosha tena kabla ya kanisa. Halafu nitampigia baba mdogo, maana najua anajilaumu peke yake huko Kola. Nitamwambia nilijua kabla tawi la kwanza halijaanguka. Sitangoja mama anisemee.