Nati Saba Nilizozikaza Mwenyewe

Benalla, 4 Februari 2019

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuacha ulale na kuku hawajafa wote kwa hilo joto lenu. Sisi huku wazima, mimi, Brodie na mbwa. Tangu masikio yako yafe kwa kelele za grainda ya kusagia chuma, barua ndiyo njia yetu, na leo ni afadhali, maana kwenye simu ningekufokea.

Manifodi ya kutolea moshi wa injini uliyonitengenezea Krismasi imepinda. Mizunguko sita tu kwenye uwanja wa mbio hapa Winton, nguvu za gari zikaisha, wakanipita wote, hadi yule daktari wa meno na gari lake la njano. Nilipoifungua na kuweka rula kwenye uso unaokaa juu ya injini, katikati pameinuka, kadi ya benki inapita. Gasketi ya kuziba katikati yao imeungua. Moshi wa moto ulikuwa unatokea pembeni badala ya kwenda kuzungusha turbo inayoipa injini nguvu, na umeyeyusha waya za plagi.

Hii ni ya tatu, Baba. Ya tatu! Za kaka Darryl hazikupinda hata moja miaka yote aliyoshindana. Kwake ulichomelea kwa moyo, kwangu unachomelea huku unatazama kriketi. Naituma kwa posta. Mbio za Pasaka zikinikuta bila manifodi iliyonyooka nauza gari, naachana na mbio, na kila atakayeuliza sababu nitamtajia jina lako.

Mwanao,
Tamsin


Kadina, 13 Februari

Tamsin,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Kuku wamebaki wanne. Msalimie Brodie, mwambie akunyang'anye kalamu ukiwa na hasira.

Chuma chako nimekipokea. Kabla hujanitukana tena, vaa miwani. Washa, zile pete bapa zilizokaa chini ya nati, zimezama kwenye chuma, saba zote, kama kidole kwenye donge la unga. Nani alikaza, ng'ombe dume? Chuma kikipata moto hadi kuwa chekundu hurefuka, na lazima kipate pa kwenda. Wewe umekibana kila upande. Kifanye nini? Kimeinua mgongo.

Ulivika bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke na kukaza zaidi. Usinibishie, alama ninaziona. Darryl alikuwa mzembe kwa kila kitu, lakini spana ya kipimo ikilia tik kwamba nati imetosha, alikuwa anaacha. Wewe ujinga huu alikufundisha nani?

Baba yako


Benalla, 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Huku wote wazima. Umeuliza nani alinifundisha. Ni wewe.

Ndiyo, bomba. Nusu mita, nakaza mpaka mabega yanauma. Mwaka 2007 nilikuwa na miaka kumi na tisa, siku ya kwanza mliponiachia gari la Darryl nifunge manifodi peke yangu. Nilikaza kwa kipimo, nati moja moja, kuanzia katikati kwenda nje, kama unavyotaka wewe. Ukaja na spana yako. Mbele ya vijana wote wa Darryl ukazipitia saba zote, kila moja unaguna kana kwamba imelegea, halafu ukasema, "Mikono ya kukandia unga hii. Nenda kamsaidie mama yako mikate ya nyama." Walicheka hadi wakakaa chini. Nilikuambia usikanyage kwenye mbio zangu, na hujakanyaga. Ni neno hilo moja tu ulilowahi kunisikiliza.

Kila nikishika spana nakusikia ukiguna. Kwa hiyo nakaza, halafu nakaza tena, asije mtu akapata hata unywele wa kuzungusha. Sasa niambie ng'ombe dume ni nani.

Mwanao, kwa bahati mbaya,
Tamsin


Benalla, 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii. Ungekuwa umekufa Shangazi Beryl angeniambia. Nirudishie chuma changu, hata kama bado kimepinda.

Tamsin


Kadina, 5 Aprili

Mwanangu Tamsin,

Marahaba. Nipo. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kila mara nikaitia kwenye jiko.

Manifodi imo kwenye kasha. Nimeifunga kwenye bamba nene nikaisawazisha, na matundu ya mwisho, pande zote mbili, nimeyapanua kidogo ili chuma kipate pa kutambaa. Spana yangu ya kipimo nayo imo. Ni yako. Ikilia, acha.

Siku ile zile nati hazikuzunguka. Nilizipitia saba zote natafuta moja iliyolegea, sikuipata. Ulikaza vizuri kuliko Darryl, na kuliko mimi. Wale vijana walikuwa wananitazama, nikaguna ili wadhani nimeona kosa. Nilijua wakati ule ule, nikanyamaza miaka kumi na miwili.

Nisamehe.

Baba yako


Benalla, 23 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti hayajambo. Mimi sijui kama sijambo. Nina hasira kuliko Februari, maana Februari nilidhani hukujua.

Spana yako niliitupa ukutani. Kisha nikaenda kuiokota, nikaipeleka ikapimwe. Iko sawa.

Ijumaa Kuu nilikaza nati saba, kuanzia katikati. Ikilia, naacha. Mkono ulitaka kurudia, nikaushika kwa mkono mwingine. Jumapili nilikimbia mizunguko ishirini na nguvu haikupungua hata kidogo, na yule daktari wa meno nilimpita mara mbili. Gari lilipopoa niliifungua nikaweka rula. Hata mwanga haupiti. Gari siuzi.

Lakini sijakusamehe, na usiniulize lini. Tarehe 8 Juni kuna mbio nyingine, na kitanda kipo. Njoo. Spana acha nyumbani. Nitafunga manifodi mbele yako na mbele ya kila mtu, wewe utakaa kwenye kiti, mikono mfukoni. Nikimaliza utasimama useme kwamba nati zote saba zimekaza. Siku hizi kila unachosema unapiga kelele, kwa hiyo watasikia wote.

Mwanao,
Tamsin