Barua za Njeri

Jumatatu, 7 Januari 2008
Modemu imelia, imeunganisha, halafu kimya. Mara ya nne asubuhi hii. Barua pepe za parokia hazishuki, tovuti hazifunguki. Nikiita mashine za nje kwa namba, zinajibu. Nikiita kwa jina, hazijulikani. Basi ni DNS, ile inayogeuza majina kuwa namba.

Hapa Bungoma kuna nafuu. Kitale wanachoma nyumba tangu uchaguzi. Mke wangu Njeri, wa kabila linalowindwa, yuko huko, mtaa wa Matisi, kwa baba yake, alienda Krismasi. Jana alipiga kwa simu ya kuazima. Yake wamemnyang'anya. Ataniandikia kila siku kwa kompyuta ya padri wa kule.

Jumanne, 8 Januari
Lori letu la parokia linaenda Kitale kuchukua watu Alhamisi saa tatu, na askari wawili. Njeri na mzee wanahama kila siku. Dereva lazima ajue wako wapi.

Linux hii, mfumo wa kompyuta yetu, itaniua. Naandika namba ya DNS kwenye faili la resolv.conf, modemu ikipiga tena inaifuta. Nimeipiga mashine teke, imepasuka ubavuni. Nilisikia raha.

Jumatano, 9 Januari
Nimelifunga faili lisiandikwe tena. DNS imepona, tovuti zote zinafunguka. Barua bado!

Barasa, karani mwenzangu, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Si ungeoa tu wa hapa kwetu, bana. Ona sasa."

Asubuhi alikuwa peke yake na kompyuta. Nikaamini ameiharibu makusudi. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikamgongesha kichwa ukutani. Mara mbili. Jino likatoka.

"Wafula, sijagusa hiyo mashini! Ati mimi? Sijagusa!"

Mpishi wa parokia ndiye aliyenivuta. Nilitaka kuendelea.

Alhamisi, 10 Januari
Lori liliondoka saa tatu. Dereva hajui aende wapi, ila kanisani.

Saa nne unusu nikafungua faili la hosts. Mstari mmoja: jina la seva ya barua, namba yake, na pembeni, "Wafula, Novemba". Niliuandika mwenyewe, DNS ilipokuwa inakawia, ili kompyuta isiulize namba popote. Seva ilihamishwa Krismasi. Namba ile imekufa, na kompyuta bado inanitii mimi.

Nikafuta. Barua tisa zikashuka pamoja. Tatu za Njeri. Ya jana: tuko ghala la mahindi nyuma ya kinu cha unga, baba hawezi tena kutembea, tutawangoja hapo.

Dereva hapatikani kwa simu. Nilivunja kibodi kwa goti. Nikavunja na kiti.

Jumamosi, 12 Januari
Lori lilirudi jana, limejaa watu. Njeri hakuwemo.

Leo ameletwa na gari la askari. Ghala lilichomwa Alhamisi jioni. Yeye alipita dirishani. Mzee walimkatia mlangoni kwa panga, na Njeri alisikia yote akiwa kwenye mahindi.

Natamani kuua mtu. Simjui wa kumuua, na ninayemjua ni mimi.

Jumapili, 20 Januari
Tumekula ugali na mboga ya mrenda. Njeri amekula kidogo. Nje watoto wa jirani wanacheza.

Aliuliza, kwa upole, kama barua zake zilifika.

Nilisema mtandao ulikatika Kitale nzima.

Akasema basi, si kosa la mtu. Akakusanya sahani, akaenda kuosha.