Shahidi Mmoja wa Manumea

Savai'i, 4 Agosti

Dada Tausala,

Shikamoo. Hujambo huko Apia? Presha imeshuka? Sisi huku wazima, ila Mjomba Leota goti linamsumbua. Mdomo haumsumbui hata kidogo.

Dada, kaa chini. Nimemwona manumea, yule njiwa wetu adimu mwenye meno! Nilipanda kuchimba magimbi juu ya kijiji, nikasikia mbawa, nikainua uso. Mdomo mwekundu uliopinda, yale meno yake chini, na jicho linanitazama. Simu ilikuwa kikapuni, chini ya magimbi. Mpaka naitoa, nimeambulia bega na majani. Picha nimekuwekea humu.

Najua jopo lenu la wataalamu linakaa mwezi ujao kupima hatari ya viumbe wetu kutoweka, na manumea yumo. Mkiandika "huenda ametoweka", Mjomba atasimama kwenye baraza la kijiji siku hiyohiyo aseme: "Ndege kafa, njiwa tunamwachia nani?" Marufuku ya kuwinda njiwa, iliyowekwa kwa ajili yake, itaondolewa. Nisemee, dada yangu.

Mdogo wako,
Fetuao

Apia, 15 Agosti

Mdogo wangu Fetuao,

Marahaba. Presha ilikuwa imeshuka mpaka barua yako ilipofika.

Nikwambie ukweli, nimeona wivu hadi chakula hakipiti. Ndege huyo nimemtafuta tangu wewe hujaota meno. Nimelala msituni na mvua, mbu wameniuma mpaka homa ya dengu ikanilaza, na sijaona hata unyoya. Wewe ulikwenda zako kuchimba magimbi! Haki iko wapi?

Sasa nakujibu kama mtaalamu. Sisi hatupigi ramli. Tunauliza wamebaki wangapi, wanapungua kwa kasi gani, na msitu wao umebaki mkubwa kiasi gani. Na kabla ya kumzika kiumbe tunauliza kama ametafutwa vya kutosha, mahali pake na kwa majira yake. Wewe umeleta bega, majani na shahidi mmoja. Kila mwaka watu wananiletea habari za lupe, njiwa hawahawa wa kawaida, wakiapa ni manumea. Huenda na wako ni lupe.

Dada yako,
Tausala

Savai'i, 22 Agosti

Dada,

Shikamoo, kwa sababu mama alitufundisha, si kwa sababu moyo unataka.

Lupe! Mimi niliyekua naangalia picha zako za manumea ulizobandika juu ya kitanda chetu? Lupe ana meno wapi? Sema tu: angekutokea wewe, angekuwa manumea. Una wivu wewe, tangu ile Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, niliyopewa mimi aya ndefu ya kusoma kanisani, nawe ghafla ukatapika ili kanisa zima likutazame. Nilikuona ukijitia kidole kooni, usidhani nimesahau.

Njoo basi. Jumapili tule baada ya ibada, Jumatatu tupande wote wawili. Ukimwona, tutakuwa mashahidi wawili. Au unaogopa kunikuta nasema kweli?

Mdogo wako, bado,
Fetuao

Apia, 19 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Na Mjomba je, goti? Nilitaka kuja, kazi zikanibana. Uongo huo. Sikutaka unioneshe kwa kidole kitu nilichokitafuta maisha yangu yote.

Jopo limekaa jana. Picha yako ilipita mkono kwa mkono. Mwenyekiti akaniuliza, "Tausala, shahidi huyu unamjua. Ana jicho la kutambua ndege?" Swali jepesi. Nikajibu, "Ni mdogo wangu, msiniulize mimi." Wote wakaelewa kwamba naona aibu kwa niaba yako. Wakaandika "huenda ametoweka". Ni rasimu tu, ushahidi ukija inabadilishwa. Usimwambie Mjomba.

Dada yako,
Tausala

Savai'i, 3 Oktoba

Tausala,

Sikumwambia. Redio ndiyo iliyomwambia. Baraza likakaa, marufuku ikaondolewa, na Jumamosi Mjomba akapanda na bunduki, goti na yote. Jumapili akaleta kikapu cha njiwa kwa chakula cha baada ya ibada, anajisifu huyo! Nikakaa kuwanyonyoa. Chini ya lupe nikakuta mdomo mwekundu, uliopinda, wenye meno.

Mjomba aliponiona nalia alisema, "Nilipiga kivulini, mwanangu. Nilidhani ni lupe."

Na wewe ulidhani ni lupe.

Nimemtia kwenye boksi la barafu, anakuja kwa feri. Hakuna tena bega na majani. Mwoneshe mwenyekiti wako.

Fetuao

Apia, 8 Oktoba

Mdogo wangu Fetuao,

Sijui nianze na salamu ipi.

Boksi nililifungua peke yangu. Nitakwambia jambo baya: nilifurahi kwanza. Nilisema, "Kumbe ndiye wewe." Nikamshika mdomo, nikayapapasa meno, ndipo nikalia. Jopo limefuta yale maneno. Amebaki katika daraja lake la zamani, la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Mwenyekiti alinipongeza kwa ushahidi mzuri. Ushahidi mzuri, Fetuao! Nikawaambia ni wako, na kwamba jicho unalo, mimi ndiye niliyekunyima ulimi.

Jumamosi nakuja kwa feri ya kwanza. Nimeutoa mkeka mwororo wa mama. Nitakaa mlangoni pako nimejifunika mkeka huo, kama wanavyokaa wenye kuomba radhi, mpaka uniinue.

Na bado nakuonea wivu. Wewe alikutazama.

Dada yako,
Tausala

Savai'i, 10 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Lete mkeka, na dawa zako za presha usizisahau, kilima ni kikali. Ila mlangoni pangu usikae. Mimi sikupigwa risasi.

Kule juu kwenye magimbi yuko mwingine. Anaita kila asubuhi, hajibiwi. Baraza limerudisha marufuku, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyesimama kuomba. Tutapanda wote watatu kabla hakujapambazuka. Mtajifunika mkeka huko, wewe na Mjomba, mbele ya mti wake.

Sijakusamehe. Lakini akitokea, nitainamisha uso, umwone wewe kwanza.

Mdogo wako,
Fetuao