Siku Niliyosimamisha Kazi ya Pipa

Bweni la Wasichana,
Chuo cha Ufundi,
Tunduma.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Ambilikile,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo mama hajayasikia. Lakini kwanza shikamoo, na mulishani, kama mnavyosalimiana huko Kitwe. Kifua chako kimepona? Mama Jenista na mtoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua. Nyumbani Iyula wanachuma kahawa na baridi imeanza kuuma.

Tangu mwanafunzi mwenzetu Dennis aungue mkono mwaka jana, Mwalimu Makene anayetufundisha uchomeleaji ameweka utaratibu mpya karakanani. Kabla umeme haujawashwa, kila mmoja anasema ni nini kilikaribia kumuumiza jana yake. Mwanzoni sote tulikuwa tunajibu, "Hakuna, mwalimu," hadi yeye mwenyewe alipotuonyesha mkono wa ovaroli yake uliotobolewa na cheche. Tena yeyote akiona hatari, hata wa mwaka wa kwanza, ananyoosha mkono na kusema "Simama," na wote wanaweka vifaa chini. Maswali ni baadaye.

Jumanne, dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya malori ya mpakani alituletea pipa lililopasuka. Alisema ni la maji ya kuoga njiani. Lingekuwa zoezi letu la mwisho kabla ya kwenda fildi, kujifunza kazini. Clever, mwenzangu wa meza, alikwisha kuvaa miwani ya kuchomelea niliposikia harufu ya petroli. Niliogopa, Mjomba. Nikanyoosha mkono.

Tukasubiri Mwalimu alikague. Kweli lilikuwa la maji. Harufu ilitoka kwenye tambara lililoziba mdomo wake, ambalo dereva alikuwa amefutia mikono yenye petroli. Wakati huohuo foleni ikasogea, dereva akapigiwa simu, akaondoka na pipa lake na ufa wake.

"Asante, Zimamoto," Clever aliniambia. "Kesho utanusa hata ndoo ya uji."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Nesta, ukisikia harufu hiyo kesho, simamisha tena." Nilifarijika, lakini tangu siku hiyo naitwa Zimamoto, na wenzangu wa meza yetu hawanisalimii, isipokuwa Violet.

Sasa lile kubwa. Fundi Zebedayo, mwenye karakana ya kutengeneza matela kule Nanyala, alikuja juzi kuchagua wanafunzi wa fildi. Ndiye pekee aliyekubali kumpokea msichana, na bila fildi sifanyi mtihani. Habari ya pipa ilikuwa imemfikia. Akaniambia, "Binti, kwangu anayesimamisha kazi ni mimi. Ukiniahidi hilo, njoo." Nimepewa hadi Jumamosi ijayo nimjibu.

Niliwahi kupita kwake. Vijana wanakata vyuma kwa grenda bila miwani, na mtungi wa gesi umelazwa karibu na jiko la mkaa la mama wa chai. Nikiahidi, nitautazama mtungi huo kila siku nikiwa nimefunga mdomo. Nisipoahidi, nitarudi Iyula kuchuma kahawa. Natunga jibu kichwani, nalifuta, natunga jingine. Wakati mwingine nafikiri nimwombe dakika chache tu za asubuhi, kabla ya umeme, watu waseme kilichokaribia kuwaumiza. Huenda akanicheka. Huenda pia akazoea, kama sisi tulivyozoea.

Barua hii inaletwa na shangazi wa Violet, anayefanya biashara huko. Anarudi Ijumaa, kwa hiyo nakuomba umpe jibu lako kabla hajapanda basi. Simu bwenini haziruhusiwi.

Nisalimie Mama Jenista, na Boazi, na Bibi Yudita ukimkuta kanisani. Bibi wa Iyula anasema mahindi yenu ameshayatenga. Mungu akulinde unaposhuka mgodini na unapopanda.

Mpwa wako akupendaye,
Nesta

N.B. Uliwahi kuniambia kwamba mgodini kwenu hata kibarua anaweza kusimamisha kazi. Wewe ulipokuwa mgeni, ukasimamisha na hatari isionekane, uliwezaje kunyoosha mkono mara ya pili?