Dirisha Lisilo na Kioo

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Kinangop tu wazima, na mamako ndiye anayekutumia barua hii kwa simu. Unauliza kama uingize jiko la makaa chumbani, kwa kuwa hiyo nyumba kuukuu ya shamba uliyohamia huko ng'ambo, Umm Salal, haishiki joto na baridi ya Februari haijaisha. Tangu nisomewe hayo sijatulia.

Tulipohamia nyumba hii tungali vijana, niliwasha jiko ndani mchana wa mvua, nikaziba kila ufa kwa matambara, tukajilaza. Dirisha la juu tu, lisilo na kioo, sikulifikia. Nilikuwa nimemnunia babu yako wiki nzima kwa kutolitengeneza. Tuliamka tukitapika, lakini tuliamka, kwa sababu ya dirisha hilo.

Hata kama uko kazini, nipigie video. Nataka kuliona hilo jiko likiwa nje, kisha nikuone uso.

Shosho wako