Nimeambiwa Nikaombe Radhi kwa Sababu ya Utepe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, mimi ni msusi, nimechumbiwa na fundi umeme, na jambo lililonifika limeanza na utepe, tafadhali usicheke, maana mimi karatasi nzuri ya zawadi sikubali itupwe, naibandua polepole, naipitishia pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, inarudi kama ilivyotoka dukani, na tepe nazizungushia kwenye kopo zisikunjamane, sasa kule kwa mama yao, dada wa mchumba wangu alipomaliza kufungua zawadi za mtoto wake, wote wakatoka nje kupiga picha, mimi nikaachiwa ufagio, ndipo nikaokota utepe mwekundu mpana nikauweka. Juzi mama yao katimiza miaka sitini, nikamnunulia shali ya sufu, nikaifunga kwa utepe ule, ikapendeza hata nikaona uchungu kuitoa. Mama akaupokea mzigo, akauinua utepe mbele ya sebule nzima, "Huu si ule tuliotupa? Jamani, mkwe ananiletea takataka zangu mwenyewe!" Watu wakaangua kicheko, na mchumba wangu naye akacheka, mshauri, niliyaona meno yake, halafu njiani ananiambia, "Umenitia aibu. Kesho ukamwombe mama radhi." Nikamuuliza, "Kwa kosa gani?" Akasema, "Wewe omba tu, yaishe." Sikwenda, sasa hapokei simu zangu, na mama ametangaza harusi isimame mpaka nijifunze ustaarabu. Na shali kaivaa! Je, nikapige magoti?

Msusi Mwenye Donge


Msusi, magoti ya nini? Kaa vizuri unisikilize.

Nianze na wewe. Kitu ulichookota kwa watu hakirudi kwa watu walewale, hata ukipige pasi mara saba. Ungempelekea jirani. Lakini huko ni kukosa hadhari, si kukosa adabu. Wasio na adabu ni waliomwachia mgeni ufagio wakaenda kupiga picha, kisha wakamcheka kwa alichookota akiwafagilia. Eti ustaarabu! Na hiyo shali mbona hakuitupa?

Ila mama si kesi yako. Kesi yako ni hayo meno ya fundi. Leo kacheka kwa utepe, kesho atacheka mchuzi wako ukizidi chumvi, na siku utakayolia atakwambia unajiliza. Mwanamume wa namna hiyo akisema "yaishe," anataka uishe wewe.

Kwa mama usiende. Mwite mchumba wako kwa shangazi yako, mtu mzima akisikia, umuulize jambo moja tu: "Mama yako akinidhalilisha mbele za watu, wewe utasimama wapi?" Akijibu kiume, nendeni wote wawili kwa mama, na huyo mchumba ndiye aanze kusema. Lakini akikujibu, "Si unamjua mama alivyo," mvulie pete yake ya uchumba palepale umkabidhi mkononi. Wala usihangaike kuifunga.